Mechi tisa za Bo Pelini

Jirani yangu hapa Lincoln, Nebraska, ni mzee mstaafu aliyelima mahindi maisha yake yote. Jumamosi za msimu huvaa nyekundu kuanzia kofia hadi soksi, na Nebraska wakipoteza hunifuata kwenye uzio na sentensi ile ile: "Bo alikuwa anashinda tisa." Haongezi neno. Ananiachia mimi nimalizie: Bo Pelini, kocha wa zamani wa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, alishinda mechi tisa au zaidi kila msimu.

Kazi yangu ni takwimu. Nilikuja huku kusoma, nikabaki kufundisha, na jioni zangu zinaishia kwenye namba za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Nyumbani huwa naulizwa inakuwaje mchezo wa wanafunzi upigiwe kelele kiasi hiki. Jimbo lina watu wapatao milioni mbili na halina timu hata moja ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu. Tiketi za mechi za nyumbani za chuo zimekuwa zikiisha tangu Novemba 1962. Mapenzi yote ya jimbo yanamwangukia kocha mmoja, na lawama zote pia.

Turudi kwa mzee. Hiyo tisa ina asili yake. Tom Osborne alifundisha hapa kuanzia 1973 hadi 1997, misimu 25, na hakuna msimu aliopata ushindi pungufu ya tisa. Aliondoka na ushindi 255, vipigo 49 na sare 3, pamoja na ubingwa wa taifa wa 1994, 1995 na 1997, huo wa mwisho akigawana na Michigan. Kuna watu hapa waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kupata watoto kabla ya kuona timu yao ikimaliza msimu na ushindi nane.

Ila tisa ya Osborne na tisa ya Bo Pelini hazilingani uzito. Zamani timu ilicheza mechi 11 za kawaida na moja ya boli, yaani ile ya mwaliko ya kufungia msimu. Tangu 2006 za kawaida ni 12, na ukijumlisha boli zinafika 13, au 14 kwa anayeingia fainali ya ligi. Tisa kati ya 12 ni robo tatu kamili. Tisa kati ya 13 haifiki asilimia 70. Pelini, katika misimu saba ya 2008 hadi 2014, alishinda 66 na kupoteza 27, yaani asilimia 71. Osborne yuko asilimia 83. Nikimweleza mzee hesabu hii hutazama mawingu.

Halafu kuna namna alivyokuwa akipoteza. Misimu sita mfululizo, 2008 hadi 2013, Pelini alimaliza na vipigo vinne, si vitatu wala vitano, kana kwamba ni ada. Na vipigo vyenyewe vilikuwa vya aibu: fainali ya 2012 ya Big Ten, ligi ya vyuo ambamo Nebraska wanacheza tangu 2011, Wisconsin walishinda 70 kwa 31, na mwaka 2014 hao hao 59 kwa 24, siku ambayo Melvin Gordon alikimbia na mpira yadi 408 peke yake. Juu ya hayo alikuwa na hasira za karibu. Mwaka 2013 ilivuja sauti iliyorekodiwa miaka miwili nyuma, akiwatukana mashabiki wake mwenyewe matusi ya nguoni. Ijumaa ya Novemba 28, 2014, akaenda kuwafunga Iowa kwao, 37 kwa 34, katika muda wa nyongeza. Jumapili kibarua chake kikaota nyasi.

Akaletwa Mike Riley kutoka Oregon State, mtu mpole, anayewaamkia wapishi na wafagizi, lakini kule alikotoka alikuwa na ushindi 93 na vipigo 80. Msimu wake wa kwanza, 2015, kati ya mechi saba alizopoteza, tano zilikuwa za tofauti ya pointi tano au pungufu. Iliyowauma watu zaidi ni ya Illinois. Nebraska walikuwa mbele 13 kwa 7, mechi inakwisha, na kilichotakiwa ni kukimbia na mpira ili saa iendelee kutembea. Katika mchezo huu pasi isipodakwa, saa inasimama. Kwotabeki Tommy Armstrong, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akarusha pasi, haikudakwa, saa ikasimama. Illinois wakatumia nafasi hiyo, zikiwa zimebaki sekunde kumi wakafunga, 14 kwa 13.

Kosa la nani? Armstrong alisajiliwa na Pelini kwa mfumo wa kukimbia. Riley akamtaka awe mrushaji. Hapo ndipo mabishano ya mashabiki yanaponichosha, kwa sababu wanaweka rekodi mbili kwenye mizani, 66 kwa 27 dhidi ya 19 kwa 19 ya Riley katika misimu mitatu, wanatangaza mshindi, wanaondoka. Mchezaji wa chuo anaruhusiwa misimu minne ya kucheza, kwa kawaida ndani ya miaka mitano. Kocha mpya kwa miaka miwili ya mwanzo anapika kwa unga alioununua mwenzake, na mwenzake naye, miaka ya mwisho, anavuna alichopanda mwenyewe. Kwa hiyo mimi ninapolinganisha makocha wawili sianzii pale mmoja alipokabidhi ofisi. Nasogeza mstari mbele misimu miwili hivi.

Kwa mzee mstari huo una madhara. Miaka ambayo Pelini alikaribia ubingwa wa Big 12, ligi ya Nebraska kabla ya Big Ten, ni 2009, alipofungwa na Texas 13 kwa 12 kwa mkwaju wa pointi tatu uliopigwa baada ya waamuzi kurudisha sekunde moja kwenye saa, na 2010, alipofungwa na Oklahoma 23 kwa 20. Nguzo ya timu ya 2009 alikuwa mlinzi Ndamukong Suh. Na Suh aliletwa chuoni na Bill Callahan, kocha aliyemtangulia Pelini, ambaye jina lake mzee halitamki ila kwa kutema mate pembeni.

Huyo Callahan ana mkasa wake. Alimrithi Frank Solich, msaidizi wa miaka mingi wa Osborne, aliyefukuzwa mwishoni mwa 2003 akiwa na ushindi 9 na vipigo 3 msimu huo. Mashabiki wengi waliunga mkono: miaka miwili nyuma Solich aliipeleka timu kwenye mechi ya kugombea ubingwa wa taifa, lakini kabla ya mechi hiyo Colorado walikuwa wamewachapa 62 kwa 36, na mwaka uliofuata akamaliza na ushindi 7 na vipigo 7. Watu walisema mchezo umempita. Callahan akaja na mfumo wa NFL, msimu wa kwanza akamaliza 5 kwa 6, na mwaka 2007 Kansas wakawafunga 76 kwa 39. Sijui utaiita nini hiyo. Mimi nilipoiona kwenye jedwali nilidhani nimekosea kuingiza data. Kuanzia hapo Solich akawa mtu mwema aliyeonewa. Hakushinda mechi hata moja zaidi akiwa Nebraska, lakini sifa yake ilipanda kila Callahan alipofungwa. Na taji la ligi alilochukua 1999 ndilo la mwisho Nebraska kulipata.

Yanga waliishi jambo la jamii hiyo. Nasreddine Nabi alipoondoka 2023 baada ya kuwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho, kila sare ya Miguel Gamondi ilimwongezea Nabi kimo. Gamondi akachukua ligi na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Nabi akarudi kimo chake cha kawaida. Gamondi naye alipotimuliwa Novemba 2024, zamu ya kurefuka ikawa yake.

Mashabiki wanachanganya maamuzi mawili kuwa moja. Kumfukuza fulani ni uamuzi. Kumwajiri fulani ni uamuzi mwingine, unaofanywa siku nyingine, mara nyingi kwa haraka na hofu. Riley kushindwa hakuthibitishi kwamba Pelini alistahili kubaki.

Tazama Chuo Kikuu cha Georgia. Kocha Mark Richt alikaa miaka 15, ushindi 145, vipigo 51, mtu anayependwa mpaka na wapinzani. Mwaka 2015 akamaliza mechi za kawaida 9 kwa 3, rekodi ile ile ya Pelini mwaka mmoja kabla, na akafukuzwa karibu tarehe ile ile. Georgia walikuwa tayari wanamjua wanayemtaka: Kirby Smart, aliyecheza hapo hapo na wakati huo akisimamia ulinzi wa Alabama chini ya kocha Nick Saban. Msimu wa kwanza wa Smart ulikuwa 8 kwa 5, ikiwemo kufungwa nyumbani na Vanderbilt 17 kwa 16, na minong'ono ya "tungebaki na Richt" ikaanza. Mwaka wa pili akafika fainali ya taifa. Mwaka 2021 na 2022 akabeba ubingwa. Leo ukisema Georgia walimwonea Richt utachekwa. Wachache hukumbuka kwamba timu ya 2017 ilibebwa na miguu ya Nick Chubb na Sony Michel, na wote wawili walisajiliwa na Richt.

Ukidhani dawa ni kumleta mwana wa nyumbani, Nebraska walimleta. Scott Frost, mzaliwa wa Lincoln, kwotabeki wa timu ya ubingwa ya 1997, akitokea UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida, ambako alimaliza 13 bila kipigo. Hapa alishinda 16 na kupoteza 31. Na hapa naomba nikiri. Mwaka 2021 timu yake ilimaliza 3 kwa 9, lakini hakuna kipigo kilichozidi pointi tisa, na kwa msimu mzima walifunga pointi nyingi kuliko walizofungwa. Sisi wa takwimu tunaamini mechi za tofauti ndogo ni kama kurusha shilingi: mwaka huu zinakukataa, mwakani zinakukubali. Nikamwambia mzee, kwa kujiamini kabisa, kwamba 2022 shilingi itageuka.

Agosti 2022, Dublin, mechi ya kwanza. Nebraska wanaongoza Northwestern 28 kwa 17. Frost anaagiza mkwaju mfupi wa kushtukiza ili timu yake ipate mpira tena, Northwestern wanaudaka, wanafufuka, wanashinda 31 kwa 28. Hakuna shilingi iliyorushwa pale. Wiki mbili baadaye Georgia Southern wakashinda Lincoln 45 kwa 42, na kesho yake Frost akaondolewa. Fidia ya kuvunja mkataba ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5 wangengoja mpaka Oktoba 1. Hawakuweza kungoja siku 20. Tangu hapo nikiona kocha anapoteza mechi za tofauti ndogo miaka mitatu minne mfululizo, siiti bahati.

Kanuni yangu ya misimu miwili nayo imeanza kuchakaa. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na mwaka huo huo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Kocha Curt Cignetti alifika Indiana, timu iliyomaliza 3 kwa 9 mwaka 2023, akaja na kundi la wachezaji wake kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifundisha, na 2024 akamaliza 11 kwa 2. Hakupika kwa unga wa mtu. Kocha wa leo ataanza kuhukumiwa Septemba yake ya kwanza, na kwa kiasi fulani ni haki.

Mwenye zamu Nebraska sasa ni Matt Rhule. Mwaka 2024 aliwapeleka kwenye boli kwa mara ya kwanza tangu 2016, wakamaliza 7 kwa 6, na mimi nilikuwa na grafu yangu tayari kumwonyesha mzee jinsi timu ilivyompita Frost. Ila kabla ya boli kulikuwa na Iowa, ugenini. Baada ya Pelini kuondoka Nebraska walifungwa na Iowa miaka saba mfululizo, wakashinda 2022, wakafungwa 2023 kwa mkwaju wa dakika ya mwisho, 13 kwa 10. Usiku ule wa 2024 ikawa 10 kwa 10, Iowa wakapiga mkwaju wa yadi 53 saa ikiishia, ukapita. 13 kwa 10 tena.

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nikasikia mlango wake, nikatoka na grafu yangu mkononi. Mzee alisimama kwenye uzio, mvuke unamtoka mdomoni, na safari hii hakutaja tisa.

"Bo aliwafunga pale pale," akasema. "Ijumaa. Jumapili wakamfukuza."

Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni.