Tembo Shambani, Fisi Zizini: Yanayosemwa Vijijini na Inavyosema Sheria

Mahindi yakianza kubeba, watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hapa Tanzania hawalali. Kundi la tembo likiingia usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwisha. Uchungu huo naujua na siwalaumu wenye hasira. Kinachoniumiza ni kuona mtu akipata hasara mara mbili: mazao yameliwa, na yeye mwenyewe yuko kizimbani kwa sababu alifuata maneno ya kijiweni.

"Ameingia kwenye ardhi yangu, kwa hiyo ni wangu."

Hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Hati ya shamba haibadilishi hilo. Na si mnyama aliye hai tu: jino, ngozi, kwato na hata nyama ya mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe ni nyara ya serikali, yaani mali ya serikali. Hapo ndipo wengi wananaswa. Mtu anakata paja la kiboko aliyekutwa amekufa mtoni, analibeba nyumbani akiona ni riziki, kumbe ameshaingia kwenye kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Bucha za nyamapori zilizoruhusiwa kwa kanuni za 2020 zinauza kwa leseni. Hazikumpa mkulima ruhusa ya kuchinja kilichomwingilia.

"Hata kumfukuza ni kosa, kaa kimya usubiri askari."

Dhana hii ndiyo inayomaliza mashamba. Kumfukuza mnyama atoke shambani, bila kumjeruhi, si ujangili. Maofisa wa wanyamapori wenyewe hufundisha vikundi vya wanakijiji kutumia tochi kali, vuvuzela, na mabomu baridi (fataki za kishindo cha kutishia) kwa waliopewa mafunzo.

Uzio wa pilipili unaweza kuutengeneza mwenyewe. Saga pilipili kali iliyokauka, changanya na oili chafu mpaka iwe uji mzito, paka kwenye kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, kisha ning'iniza vipande vya nguo vilivyochovywa humo humo. Oili inasaidia pilipili isioshwe upesi, lakini baada ya mvua kubwa paka tena. Tembo anaishi kwa pua yake, na harufu ile haivumilii. Uzio wa mizinga ya nyuki nao hufanya kazi: mizinga inatundikwa kila baada ya mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya, tembo akiusukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Mizinga iwe na nyuki, lakini. Mitupu atakuja kuizoea.

Kuzoea ndilo tatizo la njia zote hizi. Tembo ana akili. Ukipiga debe mwezi mzima bila kubadilisha, mwezi wa pili anakula huku akikusikiliza. Badilisheni mbinu, mfanye kwa kikundi, na mumwachie upande wa kutokea. Mtu mmoja na tochi mbele ya jike mwenye ndama anahatarisha maisha yake bure.

Kwa fisi na simba, kazi kubwa iko zizini. Boma la miiba lenye matundu ni mwaliko. Wafugaji wa nyika ya Wamaasai wamepata nafuu kubwa kwa kuzungushia wavu wa chuma ulioshikiliwa na miti hai: miti ikikua, ukuta nao unazidi kuimarika.

"Ukimuua kwa kujitetea, utafungwa tu."

Sheria inatambua kujitetea pale uhai unapokuwa hatarini papo hapo. Lakini kujitetea kuna mipaka. Ukimchokoza mnyama kwanza, au ukimfuata porini kesho yake ili ulipe kisasi, hapo ni uwindaji bila kibali. Ikitokea umeua kwa kujiokoa, toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji, polisi au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, na usiguse chochote kwenye mzoga. Anayeficha ndiye anayejitengenezea kesi.

"Sumu haina shahidi."

Sumu, mitego ya nyaya na mashimo ni marufuku. Ukipaka sumu kwenye mzoga wa ng'ombe kwa ajili ya simba mmoja, watakufa fisi, mbwa wa kijiji na tumbusi kwa makumi, hao hao wanaotusafishia mizoga. Mimi naona hakuna ukatili wa kijinga kama huu.

"Serikali lazima inilipe gharama zote."

Kinacholipwa ni kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Ni mkono wa pole, haulingani na thamani ya ulichopoteza. Kanuni za 2011 ziliweka kwa mazao Sh 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halikupewa kitu. Viwango vinavyotumika sasa uliza kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Ni kidogo, nakubali, na wananchi wana haki ya kudai kiongezwe. Ila wengi hawapati hata hicho kidogo kwa kuchelewa kutoa taarifa. Asubuhi ile ile nenda kwa mtendaji, piga picha za nyayo na mabua, na usilime juu ya uharibifu kabla afisa kilimo na afisa wanyamapori hawajafika kutathmini.

Ndege waharibifu, kwelea kwelea, wana utaratibu wao: peleka taarifa upande wa kilimo.

"Tembo wameletwa na malori usiku. Basi wawahamishe."

Sensa ya 2014 ilikuta tembo takriban 43,000 nchini, kutoka kama 109,000 mwaka 2009. Ujangili ulipodhibitiwa, walianza kuongezeka tena, na wakati huo sisi tulikuwa tunalima na kujenga kwenye mapito yao. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ni ushoroba, yaani njia ya wanyama, ambao waliupita kabla ya mashamba mengi ya leo. Kuhamisha nako hakumalizi: Sri Lanka walifuatilia tembo waliohamishwa kwa mikanda ya visukuma mawimbi (vifaa vinavyoonyesha mnyama alipo), na baadhi walirudi walikotoka huku wengine wakianzisha vurugu mahali papya. Kabla hujanunua eka zako karibu na hifadhi, ulizia halmashauri kama ushoroba unapita hapo, na waulize wazee wa eneo tembo walikuwa wakivukia wapi.