Maneno ya Martin Luther King tunayoyakata

Kila Jumatatu ya tatu ya Januari Marekani humkumbuka Martin Luther King, mchungaji aliyetetea haki za weusi nchini humo, na simu zetu nazo hujaa nukuu zake. Baadhi kaazima tu: ile isemayo tao la maadili ya ulimwengu ni refu ila hupinda kuelekea haki, chimbuko lake ni mhubiri Theodore Parker wa karne ya 19. Nyingine ni zake, ila zimekatwa.

Dhana: Hotuba yake ya 28 Agosti 1963, ile maarufu ya "Nina ndoto", ilihusu ndoto ya weusi na weupe kuishi kama ndugu, basi.

Aliitoa kwenye maandamano ya kudai ajira na uhuru, na watu wapatao 250,000 walifika Washington. King alianza na deni la haki na uhuru: Marekani, alisema, imewapa weusi hundi hewa. Ndoto haikuwamo kwenye karatasi aliyoiandaa. Mwimbaji Mahalia Jackson ndiye aliyempazia sauti awaeleze watu ile ndoto, naye akaiacha karatasi. Si kwamba aliibuni palepale. Alishaihubiri Detroit mwezi Juni. Anayenukuu ndoto akairuka hundi kachagua upande usiomdai chochote.

Dhana: Enzi zake alipendwa na wote.

Kura ya maoni ya Gallup ya 1966 ilikuta Wamarekani 63 katika kila 100 hawamwoni vizuri. Tarehe 4 Aprili 1967 akailaani vita ya Vietnam kanisani Riverside, New York, na magazeti makubwa yakamshukia. Mwaka mmoja kamili baadaye aliuawa Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Alikuwa na miaka 39.

Dhana: Kilichochongwa kwenye jiwe hakina kosa.

Sanamu yake ya Washington ilizinduliwa 2011, ubavuni ikiwa imeandikwa kwamba alikuwa kiongozi wa bendi, yule anayetangulia mbele ya wapiga ngoma, wa haki, amani na uadilifu. Kumbe Februari 1968, akihubiri Atlanta kuhusu mazishi yake mwenyewe, alisema *mkitaka kusema* nilikuwa kiongozi wa bendi, basi semeni nilikuwa wa haki. Hilo "mkitaka" ndilo lililobeba uzito wote, maana mahubiri yenyewe yalikuwa yakikemea uchu wa kutangulia mbele ya wenzako. Mshairi Maya Angelou alilalamika kwamba ufupisho ule umemgeuza King kuwa mtu wa majivuno. Mwaka 2013 maneno yakafutwa kwa kuchonga mifereji juu yake, ifanane na ile iliyokuwapo tayari kwenye jiwe. Mgeni anayepita pale leo haoni kama paliwahi kuandikwa kitu.