Je, wajua kwa nini mfadhili wa ndege wa majini anataka uchange wewe kwanza?

Ukitaja ruzuku ya kuhifadhi ndege wa majini pale Igombe au mwaloni Kirumba, huku Mwanza kwenye Ziwa Victoria, wengi picha inayowajia ni ile ile, kuna mzungu anapenda bata, ana hela, anatafuta kikundi chenye shida kuliko vyote akipe. Ndo maana maandiko mengi ya miradi yanaandikwa kama barua ya kuomba msaada, sisi hatuna mtumbwi, hatuna ofisi, hatuna vifaa, hatuna chochote, tunaomba mtufikirie. Likikataliwa watu wanasema kulikuwa na upendeleo.

Sasa shida iko kwenye hilo neno "hatuna chochote". Mifuko mingi ya aina hii inaanza kwa kuuliza una nini, na kama kwenye jedwali la bajeti safu ya mchango wako iko tupu, andiko linakuwa limejiangusha lenyewe hata kabla msomaji hajafika kwenye habari za ndege.

Mfano mkubwa kabisa uko Marekani. Kule tangu 1934 mwindaji wa bata mwenye miaka 16 kwenda juu lazima anunue stempu maalum, ilianza dola 1 na sasa ni dola 25, na karibu hela yote inaenda kwenye makazi ya ndege. Halafu 1989 ikatungwa sheria ya ardhioevu ya Amerika Kaskazini, NAWCA, inayosema kila dola ya ruzuku ikutane na angalau dola moja ambayo haijatoka serikali kuu. Na sehemu ya mfuko wenyewe inatoka mahali pa ajabu sana, kuna riba inayotokana na kodi ya bunduki na risasi, ambayo sheria ya 1937 iliitenga kwa ajili ya wanyamapori, na kuna faini za waliovunja sheria ya ndege wahamao. Yaani mtu ameua ndege kinyume cha sheria, amelipa faini, na ile faini inaenda kutengeneza bwawa ndege wengine wazaliane. Mimi hili jambo napenda kulieleza kila nikipata nafasi.

(NAWCA ni ya Marekani, Kanada na Mexico tu, kwa hiyo ukitumiwa linki yake kwenye grupu la WhatsApp la Mwanza usipoteze bando. Kwetu mlango unaofahamika zaidi ni programu ya ruzuku ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ipo tangu 1992, inapitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000 kwa mradi.)

Kwa nini wanataka uchange? Fikiria kamati ya harusi. Kadi za michango zinaanza kuzunguka baada ya familia yenyewe kutaja imeweka kiasi gani, na mchangiaji anaangalia hilo kwanza kwa sababu anajua familia iliyotoa ng'ombe wake haiwezi kukubali sherehe ivunjike katikati. Kiasi chenyewe si hoja sana, kinachotafutwa ni mtu atakayeumia mambo yakiharibika. Mfadhili aliyeko mbali hawezi kuja kila wiki kuangalia kama mafunjo bado yamesimama, ila akijua kuna watu wameweka jasho lao pale anapata usingizi.

Na mchango si lazima uwe hela taslimu, hapa ndo wengi wanajinyima. Kila mtu Tanzania anajua nguvu za wananchi kwenye ujenzi wa madarasa, na hii ni hiyo hiyo isipokuwa inahesabiwa kwa makini. Tuseme watu 20 wamefanya kazi siku 12 kung'oa gugu maji na kupanda mafunjo upya, na kibarua wa kazi kama hiyo mtaani kwenu analipwa shilingi 10,000 kwa siku, hapo mmechangia 2,400,000. Mtumbwi wa mwanakikundi unahesabiwa kwa bei ya kuukodi kwa siku mlizoutumia, sio bei ya kuununua. Siku zile zile huwezi kuziandika kwa wafadhili wawili. Na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji mimi nisingeiandika kama mchango wetu, sheria ya mazingira ya 2004 tayari inazuia shughuli za kudumu pale.

Hela ikipatikana hailipii ndege, na hapa pia watu wanashangaa. Hakuna chakula cha bata, hakuna banda. Inalipia mafunjo, matope na maji, kwa sababu mnandi na yangeyange wanajitafutia wenyewe pakiwepo mahali pa kutafutia, na mafunjo hayo hayo yanazuia tope na mbolea visiingie ziwani na yanaficha samaki wadogo. Ndege wanatumika zaidi kama kipimo, wanahesabiwa kila Januari nchi nyingi kwa pamoja, na eneo linalobeba asilimia 1 ya ndege wote wa kundi moja linaweza kutambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kulinda ardhioevu. Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar na hakuna hata moja kwenye Ziwa Victoria, wakati Uganda wanayo kadhaa upande wao, ikiwemo Mabamba kwenye korongo domo-kiatu. Hilo linaniuma.

Je, inafanya kazi? Utafiti wa 2019 ulionyesha Amerika Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, lakini jamii ya bata na bukini imeongezeka kwa asilimia 56. Wengi wanaitaja hela ya stempu na ya NAWCA kama sababu kubwa, ingawa miaka ya mvua nzuri nayo inaongeza bata, kwa hiyo sifa zote tusiipe ruzuku peke yake.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, daftari la mahudhurio ndo la kwanza kabla hata ya andiko, tarehe, majina, sahihi, kazi iliyofanyika, na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Ila muulizeni mfadhili mapema anahesabu kazi kuanzia lini, maana NAWCA inakubali mchango wa hadi miaka miwili nyuma na wengine wanahesabu kuanzia siku ya kusaini mkataba tu.