Kila inapowezekana: haki ya shule kwa mtoto mwenye ulemavu nchini Kenya

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 kilimpa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kutibiwa, kutunzwa na kusomeshwa bila malipo au kwa malipo nafuu, kila inapowezekana. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyobeba kifungu kizima. Asiyetaka kutoa alichohitaji kusema ni kwamba haiwezekani. Mimi nikisoma sheria yoyote ya haki huanza na pale inaposita, na katika historia hii kila sheria ina pake.

Zamani hata sheria ya kusita haikuwapo. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na shule nyingi za mwanzo za watoto wenye ulemavu zilitokana na makanisa na vyama vya hiari. Walifanya kazi kubwa, lakini ilikuwa sadaka, na aliyenyimwa sadaka hana pa kushtaki. Nafasi zikijaa, mzazi alirudi na mwanawe nyumbani.

Baada ya uhuru zikaja ripoti. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilitaka walimu waandaliwe kuwapokea watoto wenye ulemavu mdogo katika shule za kawaida. Mwaka huohuo kamati ya Ngala Mwendwa ilichunguza hali ya watu wenye ulemavu, na kazi yake ikazaa waraka wa serikali namba 5 wa 1968. Vituo vya tathmini, vya kupima mahitaji ya mtoto mwenye ulemavu, vilianza 1984, na 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, inayofunza walimu hadi leo. Zote zilikuwa sera tu. Sera huelekeza ofisi ya serikali. Haimpi mama wa Kitui au wa Kwale kitu cha kumwekea mwalimu mkuu mezani.

Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, watoto wakafurika shuleni, na mwaka huo Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 18 kilikataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake. Lakini nayo ilisita: mradi mtu huyo awe na uwezo wa kujifunza vya kutosha katika masomo hayo. Nani apime uwezo huo? Sheria haikusema waziwazi, na kwa kawaida aliyepima ni yuleyule aliyesimama mlangoni. Sharti lilikuwa limetoka kwenye mfuko wa serikali likahamia kwenye akili ya mtoto, na kwangu mimi hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mfuko unaweza kukaguliwa hesabu.

Katiba ya 2010 iligeuza mambo. Ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, bila kuweka kando aina yoyote ya watoto. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizo ndani ya jamii, kwa kiwango kinachopatana na maslahi yake mwenyewe. Hapa pia pana sharti, ila tazama linamtumikia nani. Shule maalumu haikufutwa, na kwa mtoto kiziwi anayehitaji wenzake wa kuzungumza naye kwa ishara inaweza kuwa ndiyo inayomfaa. Kinachotakiwa ni kwamba apelekwe huko kwa faida yake. Kumpeleka ili kumwondolea mwalimu usumbufu ni jambo jingine kabisa.

Ibara hiyohiyo inataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa jina lisilomdhalilisha. Kiswahili chetu kilimweka kilema na kipofu katika ngeli moja na kiti na kisu, ndiyo maana leo tunasema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Ila tusiwe wepesi wa kuwasahihisha wenyewe: wenzetu wa Tanzania chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wanalibeba kwa fahari.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 34 kinakataza ubaguzi wakati wa kusajili watoto, na kinazuia shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama ataingia. Anaweza kupimwa ili ijulikane akae darasa gani, yaani akiwa tayari ameshapokelewa. Kifungu cha 30 kinamgeukia mzazi: kumficha mtoto nyumbani asisome ni kosa la jinai.

Sheria ya Watoto ya 2001 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na mpya ya 2022, na ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ikachukuliwa nafasi na mpya Mei 2025. Kwa hiyo ukiandika barua ya malalamiko leo, usitaje kifungu cha 18 cha 2003. Utajibiwa kwamba kimefutwa, na mchezo utaishia hapo. Shika Katiba.

Mtoto akikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Nenda naye kwenye kituo cha tathmini, upate ripoti inayosema anahitaji nini, kisha ipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ikishindikana, Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kujisemea. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na pale inapobidi mahakama inaweza kuipokea hata kwa barua ya kawaida iliyoandikwa kwa mkono.