Kwa nini tunaizima FTP, na mafaili yatapita wapi

Ukimpa abiria wa boti barua ya ofisi pale Mkoani, Pemba, aifikishe bandari ya Malindi, Unguja, unaitia kwenye bahasha na unaifunga. Si kwamba humwamini. Boti ina watu wengi na safari ni ndefu. FTP, njia ya zamani ya kutuma mafaili kwa mtandao, ambayo ofisi kadhaa za Unguja na Pemba bado zinapelekeana mafaili kwayo, huipeleka barua hiyo ikiwa wazi, na ufunguo wa kabati umebandikwa juu yake.

Katika mafunzo tuliyofanya Chake Chake, mwenzetu wa masjala alikubali kuingia kwa FTP kwenye seva ya majaribio, yaani kompyuta inayoweka mafaili ya pamoja. Niliipitisha kompyuta yake kwenye laptopu yangu, kama ambavyo taarifa hupita kwenye vifaa vingi njiani, nikawasha programu inayoonesha kila kinachopita. Mistari ikaanza kushuka. Mmoja ulianza na neno USER, likafuata jina lake. Uliofuata ulianza na PASS, na mbele yake neno lake la siri lote, herufi kwa herufi: jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa. Sikuvunja kitu wala sikubahatisha. Nilisoma tu. Mapumziko yalipofika akanijia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hilohilo ndilo la barua pepe yangu."

Walioitunga FTP hawakukosea. Abhay Bhushan aliandika toleo la kwanza mwaka 1971 akiwa chuo cha MIT, Marekani, wakati mtandao ulikuwa wa kompyuta chache za watafiti. Kanuni zake kuu tunazozitumia hadi leo ni za mwaka 1985. Wenzetu wameshahama: mwaka 2017 kernel.org, tovuti ya mfumo wa Linux, na mradi wa Debian, unaotoa toleo moja la Linux, walizima FTP zao za umma, na mwaka 2021 vivinjari vya Firefox na Chrome vikaacha kabisa kuifungua.

Sisi tunahamia SFTP. Hii hupita ndani ya SSH, njia ya mawasiliano iliyofichwa kwa kusimbwa, ambayo Tatu Ylönen aliiandika Finland mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake kwa njia hiihii niliyoionesha Chake. Kila kitu husimbwa kabla ya kutoka, neno la siri na faili lenyewe. Tena SFTP kwa kawaida hutumia mlango (port) mmoja tu wa mtandao, 22. FTP hufungua mlango 21 kwa amri na mwengine kwa mafaili, ndiyo maana mara nyingi unaingia vizuri halafu orodha ya mafaili haiji. FileZilla na WinSCP, programu za kutumia mafaili mlizozizoea, zote zinaijua SFTP. Mnabadilisha aina ya muunganisho tu.

Mara ya kwanza programu itakuonesha alama ya utambulisho wa seva na kukuuliza kama unaiamini. Tafadhali usibonyeze "ndiyo" kwa haraka. Tupigie simu tukusomee alama hiyo, uilinganishe. Seva ya uongo hukamatwa hapo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mashine, kuliko watu. Skana inayopeleka nakala kwenye seva, kamera ya ulinzi, programu ya hesabu inayotuma ripoti usiku: hizi hazitalalamika tukifunga mlango, zitanyamaza tu, na pengo litaonekana mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kuzima tunasoma kumbukumbu za seva kwa mwezi mzima, maana zipo kazi zinazofanyika mara moja tu kwa mwezi. Kama ofisini kwako kipo kifaa cha namna hiyo, tuambie sasa.

Nawaomba pia msikimbilie flashi wala WhatsApp kwa mafaili ya wagonjwa au ya wanafunzi wa skuli. Flashi huhamisha virusi kutoka ofisi hadi ofisi, na faili la WhatsApp hubaki kwenye simu ya mtu hata akishahama kazi.

Na neno la siri ulilolitumia kwenye FTP, hata mara moja, libadilishe kila mahali ulikolitumia. Kuhamia SFTP hakulirudishi kuwa siri.