Ufafanuzi kwa umma kuhusu fomu ya kaya na takwimu za miji midogo ya Illinois

Kutokana na malalamiko yanayozidi kuongezeka miongoni mwa wakazi wanaozungumza Kiswahili, kitengo chetu kimeona ni vyema kufafanua matumizi ya fomu ya American Community Survey (utafiti wa sampuli kuhusu watu na kaya), ambayo Ofisi ya Sensa ya Marekani huituma kila mwezi kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Tuchukue mfano wa Beardstown, mji wa jimbo la Illinois ulio kando ya Mto Illinois. Mwaka 1990 ulikuwa na watu 5,270, mwaka 2000 watu 5,766, mwaka 2010 watu 6,123, na mwaka 2020 watu 5,951. Anayesoma tarakimu hizo peke yake atadhani hakuna jambo kubwa lililotokea. Ukweli ni kwamba mji huo, ambao kwa miongo mingi ulikaliwa na Wazungu karibu watupu, ulianza kubadilika baada ya kiwanda cha nyama ya nguruwe kupata mmiliki mpya mwaka 1987 na kuanza kutafuta wafanyakazi mbali: kwanza Wamexico, baadaye Waafrika wa Magharibi na Wakongomani. Wenye asili ya Kilatino, waliokuwa takriban asilimia 18 mwaka 2000, walifikia karibu theluthi moja ya wakazi miaka kumi baadaye.

Hapa ndipo lalamiko la kwanza linapozuka, kwamba "serikali haituhesabu Wakongomani." Sehemu ya Weusi katika fomu ina nafasi ya kuandika asili ya mtu, kwa mfano Mkongomani, na anayeweka alama kisha akaiacha nafasi hiyo wazi huhesabiwa kama Mweusi tu. Hatuwezi kuchapisha jibu ambalo halikuandikwa. Aidha, si kila badiliko la tarakimu ni badiliko la watu. Kati ya 2010 na 2020 idadi ya waliohesabiwa nchini kuwa na mbari (race) zaidi ya moja ilipanda kutoka milioni 9 hadi milioni 33.8, kwa sehemu kubwa kwa sababu maswali na namna ya kuyachambua majibu vilibadilishwa. Kanuni zilizotangazwa Machi 2024 zinaunganisha swali la Ulatino na lile la mbari, na kuongeza kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, jambo litakalowahusu pia Waswahili wenye nasaba ya Uarabuni.

Kuhusu kipato, tunasikitika kuona watu wakibishana kwa kulinganisha vitu visivyolingana. Kipato cha kaya ni jumla ya mapato ya wote wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaoishi humo, wawe ndugu au la, kabla ya kukatwa kodi. Hivyo nyumba yenye wanaume wanne wa zamu ya usiku kiwandani huonekana na kipato kikubwa kuliko ya mjane anayeishi peke yake, ingawa kila mmoja wao huenda anabaki na kidogo baada ya kutuma fedha nyumbani. Kwa mji mdogo, makadirio hukusanywa kwa miaka mitano na huambatana na kiwango cha kosa (kadiri makadirio yanavyoweza kutofautiana na hali halisi) ambacho wengi hukiruka. Linganisha 2014–2018 na 2019–2023, si vipindi vinavyoingiliana.

Wapo wanaoitupa fomu wakiamini kwamba inapelekwa kwa maofisa wa uhamiaji. Fomu huuliza uraia na mwaka wa kuingia nchini. Haiulizi aina ya kibali cha kuishi nchini. Mtumishi wa Ofisi ya Sensa anayetoa taarifa za mtu anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka mitano, faini ya hadi dola 250,000, au vyote viwili, na kiapo chake cha kutunza siri humfunga hata baada ya kuacha kazi. Kwa upande wa pili, kujibu ni wajibu wa kisheria, na anayekataa anaweza kutozwa faini ambayo kisheria inaweza kufikia dola 5,000.

Kwa kawaida huanza kufika barua inayoelekeza kujibu kwa intaneti. Kaya isiyojibu hutumiwa fomu ya karatasi, na baadhi ya zinazoendelea kunyamaza hutembelewa. Atakayebisha hodi aombwe kitambulisho chenye picha, jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hataomba fedha, namba ya akaunti ya benki wala namba kamili ya Social Security (hifadhi ya jamii). Akiziomba, mlango ufungwe na polisi wa eneo hilo waarifiwe.