Kasa haletwi na kusi: tunayoambiana pwani na ukweli wake

Hapa Nungwi, Zanzibar, muulize yoyote kwanini kasa anakuja kutaga, atakwambia kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza kuvuma ndo inamleta. Mie nimekua naamini hivyo hivyo. Kumbe safari ya kasa inaanza tumboni, tena miaka kabla ya hiyo kusi, kwa sababu jike akishafika kwenye ufukwe wa kutagia anakula kidogo sana au hali kabisa, kwahiyo lazima ajaze mafuta mwilini kwanza huko anakokula majani ya bahari, na kujaza kwenyewe ni miaka miwili, mitatu, hata minne. Australia waliona idadi ya kasa wanaokuja kutaga inapanda na kushuka kufuata El Niño ya miaka kama miwili nyuma. Fikiria hapo, hali ya hewa ya juzi ndo inaamua nani aje leo!

Akishakuwa tayari, joto la maji ndo linasogeza tarehe. Florida, Marekani, maji yakiwahi kupata joto, duvi (aina nyingine ya kasa) nao wanawahi kutaga. Sasa huku kwetu kasa wengi wa kisiwa cha Mnemba wanataga kuanzia masika mpaka kusi, basi tukaona upepo ndo umewaita.

Wengine wanasema kasa wanakuja kwa kukimbia baridi. Hiyo ni kweli kwa duvi wa North Carolina, maji ya huko yakishuka kama nyuzi 10 kasa anapata ganzi anaelea tu hajiwezi, sasa bahari yetu sie lini imefika huko jamani.

Halafu kuna wanaosema mbalamwezi ndo inamtoa kasa baharini. Sio lazima mwanga wa mwezi ndo umtoe. Ila bamvua, maji yakijaa sana, inasaidia, maana hapo anaogelea mpaka karibu na mchanga, yakiwa yametoka inabidi ajikokote juu ya mawe, na ukimuona anavyojivuta hatua tatu anapumzika, anahema kwa sauti kama mtu, utaelewa kwanini anasubiri maji. Na njia ya kutoka huko anakokula mpaka ufukweni anaijua kwa kuhisi usumaku wa dunia.

Na ukimuona yule yule tena baada ya wiki mbili usidhani alikwenda kwao akarudi, msimu mmoja anataga mara kadhaa na katikati anakaa karibu. Akimaliza ndo anaondoka kwenda kula, kusi ya mwakani itavuma na hatokuja, wala hajafa, mafuta tu hayajatosha.